Rubani ni yule yule, ndege ni ile ile: kwa nini idhini haivuki mpaka?

Mwezi Juni mwaka 2025 Tume ya Ulaya iliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyoidhinishwa Tanzania katika orodha ya yale yasiyoruhusiwa kuruka katika anga ya Umoja wa Ulaya. Air Tanzania ilikuwa imetangulia kuingizwa humo Desemba 2024. Kwa wengi wetu huku ughaibuni habari ile ilikuwa ya tiketi na safari za likizo. Lipo hata hivyo kundi dogo la ndugu zetu lenye sababu ya kuisoma kwa jicho jingine kabisa. Hao ni marubani.

Orodha ile haimnyang'anyi rubani yeyote leseni yake, kwa kuwa inahusu mashirika na si watu. Lakini sababu zilizotajwa na Tume, kwamba mamlaka ya usafiri wa anga ina upungufu wa wataalamu na kwamba usimamizi wake una kasoro, zinaigusa ofisi ile ile inayotia muhuri leseni za marubani. Na leseni ya rubani ni neno la serikali moja tu. Likipelekwa kwa serikali nyingine hupimwa upya, na kipimo chenyewe ni imani iliyopo kwa aliyelitamka.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Rubani wa ndege za abiria hubeba vitu vitatu. Ana leseni yenyewe. Ana cheti cha afya cha daraja la kwanza. Tatu, na hili ndilo tunalolizungumza leo, ana idhini ya kurusha aina fulani ya ndege, ambayo huandikwa ndani ya leseni. Dereva aliyezoea basi la Scania akipewa Isuzu atazunguka nalo uwanjani mara mbili kisha atakwenda zake Morogoro. Rubani hana ruhusa hiyo. Aliyezoea Boeing 737 haketi mbele ya Airbus A320 yenye abiria mpaka asome mifumo yake darasani, afanye mazoezi siku nyingi kwenye simuleta, yaani mashine inayoiga chumba cha marubani, kisha apite mbele ya mkaguzi. Gharama inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Wapo wanaolipiwa na shirika kwa mkataba wa kutumikia miaka kadhaa, na wapo ambao ukoo mzima ulichanga.

Idhini moja huweza kufunika ndege kadhaa za ukoo mmoja. Mwenye A320 anaruhusiwa pia A319 na A321. Kwa Boeing 777 na 787, Ulaya huziandika pamoja katika leseni, na rubani wa moja huhitaji mafunzo mafupi tu ya tofauti ili aishike ya pili. Kwa hiyo mtu anayehama nchi hana budi kujua kwanza nchi aendako inaiandikaje ndege yake.

Sheria ya dunia iko katika Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio uliozaa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Ibara ya 32 inasema kwamba rubani wa ndege inayofanya safari za kimataifa lazima awe na leseni iliyotolewa, au iliyothibitishwa, na nchi ambamo ndege hiyo imesajiliwa. Uraia wa rubani hauamui, wala nchi anakoishi. Kinachoamua ni herufi zilizoandikwa kwenye mwili wa ndege: 5H kwa Tanzania, 5Y kwa Kenya, 5X kwa Uganda, A4O kwa Oman, A6 kwa Falme za Kiarabu, G kwa Uingereza, N kwa Marekani.

Ibara inayofuata, ya 33, inazitaka nchi wanachama zitambue leseni za wenzao mradi viwango vyake havipungui vile vya kimataifa. Wengi huisoma ibara hii na kudhani wamemaliza safari. Utambuzi huo ni wa rubani anayerusha ndege ya nchi iliyompa leseni. Rubani wa Kenya Airways hutua Amsterdam na leseni yake ya Nairobi bila kuombwa ya Uholanzi. Siku atakapotaka kurusha ndege ya Kiholanzi kutoka uwanja huo huo, ndege ya aina ile ile aliyotua nayo jana, ataanza upya kujibu maswali.

Kuna na kipengele kingine kidogo katika ibara ya 32 ambacho watu wa ughaibuni wangefaa kukijua. Nchi imejihifadhia haki ya kukataa, ndani ya anga yake, leseni ambayo raia wake amepewa na nchi nyingine. Yaani Mtanzania mwenye leseni ya Falme za Kiarabu anayeshusha ndege ya A6 Dar es Salaam anaweza, kwa maandishi ya mkataba, kukataliwa na nchi yake mwenyewe huku Mhindi aliyeketi kiti cha pili akikubaliwa. Ni kipengele cha zamani na kinasahaulika, lakini kinaonyesha tangu mwanzo serikali zililiona jambo hili kama lao, si la rubani.

Njia za kuvuka ni mbili. Ya kwanza ni uthibitisho wa muda: nchi mpya inaiazima leseni yako ya zamani nguvu ya kisheria kwa kipindi kifupi. Ya pili ni kuibadilisha kabisa, upate leseni mpya ya nchi hiyo na idhini ya ndege ihamishiwe humo.

Ulaya ndiko mlima ulikosimama zaidi. Uthibitisho wa muda hutolewa kwa kipindi kisichozidi mwaka mmoja, na kwa kazi ya kubeba abiria unakuja na masharti ya uzoefu na mtihani wa kurusha. Anayetaka kubadilisha leseni ya juu kabisa hukaa chini kufanya mitihani 13 ya nadharia, hata kama ana saa 10,000 angani na mvi kichwani. Idhini ya ndege kubwa yenye marubani wawili inaweza kuhamishwa bila kurudia kozi yote, lakini sharti awe bado anairusha ndege hiyo, awe na saa zisizopungua 500 kwenye aina hiyo, na apite mtihani wa kurusha. Rubani msaidizi aliyeruka saa 300 kwenye Q400, akaona nafasi nzuri Ulaya na kukata tiketi, amewahi mno. Angevumilia miezi michache zaidi nyumbani, mlango huo ungekuwa wazi kwake.

Marekani wana mtindo wao. Kwa msingi wa leseni ya kigeni, idara yao ya usafiri wa anga, FAA, hutoa leseni ya kuruka binafsi tu, ambayo hairuhusu kulipwa. Anayetaka kuajiriwa na shirika la abiria hutafuta leseni ya juu ya Kimarekani tangu mwanzo, yaani umri wa miaka 23, kozi maalum kabla ya mtihani wa maandishi, mtihani wa kurusha, na saa 1,500 angani. Sharti hilo la saa kwa marubani wasaidizi lilitokana na ajali ya karibu na Buffalo ya Februari 2009 iliyoua watu 50. Bunge lilipitisha sheria mwaka uliofuata na masharti yakaanza kutumika 2013. Nafuu iliyopo ni kwamba mtihani wa kurusha ukifanyiwa kwenye simuleta ya ndege husika, rubani huondoka na leseni pamoja na idhini ya ndege hiyo kwa siku moja.

Hapo pana mtego kwa wanaorudi. Idhini ya ndege katika kadi ya Marekani haina tarehe ya kufa. Kinachodaiwa ni kwamba kabla ya kurusha uwe umekaguliwa karibuni. Ulaya, idhini ya ndege hizi hudumu miezi 12, na bila ukaguzi inakoma. Kijana anayerudi nyumbani na kadi ya FAA yenye 737 aliyoipata miaka minne iliyopita anajiona ana 737. Ofisi anayoipelekea itamuuliza ukaguzi wa mwisho aliufanya lini na aliruka nayo saa ngapi, na jibu hilo ndilo litakaloamua kama atarudia kozi au la.

Katika nchi za Ghuba hali ni nyepesi zaidi, kwa sababu moja tu: mashirika ya huko yanaishi kwa marubani wa kigeni. Mwajiri ndiye anayebeba mafaili, ndiye anayelipia simuleta, na mamlaka za huko zimezoea leseni za kila kona ya dunia. Mtu mwenye 787 aliyoipata Nairobi anaitwa Doha au Muscat kwa sababu ndege hiyo iko huko pia.

Lakini hata Ghuba, na kila mahali tulipopataja, kuna hatua moja ambayo si rubani wala mwajiri anayeishika mkononi. Ni barua. Mamlaka mpya haiamini karatasi uliyokuja nayo, inawaandikia waliyoitoa: je, huyu ni wenu, leseni yake iko hai, amewahi kuadhibiwa, idhini hii ya ndege mlimpa lini na nani alimkagua? FAA huwataka waombaji wapeleke ombi la uhakiki huo angalau siku 90 kabla, na barua ikishatolewa hudumu miezi 6. Faili linategemea ofisi ya nyumbani ijibu. Mwenye kutia sahihi akiwa safarini, au barua pepe ikiwa imetumwa kwa mtu aliyestaafu, tarehe ya simuleta inapita na nafasi inakwenda kwa mwingine. Watu hulalamikia mitihani 13, na wana haki. Sisi tunaona barua hii moja inastahili malalamiko zaidi, kwa sababu mitihani mtu anaweza kuisomea.

Na barua ina uzito kulingana na aliyeiandika. Mfano wa Pakistan bado unauma. Tarehe 22 Mei 2020 ndege ya shirika la taifa hilo ilianguka Karachi. Mwezi uliofuata waziri wa anga alisimama bungeni na kutangaza kwamba marubani 262 kati ya 860 wana leseni zenye mashaka. Kuanzia Julai 1 Ulaya ililifungia shirika hilo, kifungo kilichokuja kuondolewa Novemba 2024. Kwa hadithi yetu lililo kubwa zaidi ni yaliyowapata marubani wa Kipakistani walioajiriwa nje. Vietnam na Malaysia ziliwasimamisha, na mamlaka za nchi nyingine zikaanza kuhakiki leseni zao upya, moja moja. Leseni zilizofutwa baada ya uchunguzi zilikuwa pungufu sana ya idadi ile ya bungeni. Mtu aliyefaulu mitihani yake kihalali, mwenye miaka 15 ya kuruka bila doa, aliamka asubuhi akakuta neno la serikali yake halina tena mnunuzi.

Tusidhani haya ni ya nchi changa peke yake. Uingereza ilipotoka katika mfumo wa Ulaya tarehe 31 Desemba 2020, leseni zake ziligeuka usiku mmoja kuwa leseni za kigeni mbele ya Ulaya. Waliowahi kuhamishia mafaili yao Ireland, Austria na kwingineko kabla ya siku hiyo walinusurika. Waliochelewa walijikuta mbele ya mitihani 13 kama mgeni mwingine yeyote, ingawa mitihani waliyoifanya awali ilikuwa ni hiyo hiyo ya Ulaya. Rubani hakubadilika wala ndege haikubadilika. Kilichobadilika ni nani anamsimamia nani.

Sasa turudi kwetu. Kabla ya mwaka 1977 Afrika Mashariki ilikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways, na idara moja ya usafiri wa anga chini ya Jumuiya. Jumuiya ilipovunjika kila nchi ilichukua vyake, ikaanzisha shirika lake na idara yake, na tangu hapo leseni ya Nairobi ikawa ya kigeni Dar es Salaam. Jumuiya mpya ilipozaliwa iliunda mwaka 2007 chombo cha kusimamia usalama wa anga, CASSOA, chenye makao yake Entebbe, na kazi yake mojawapo ni kuzilinganisha kanuni za nchi wanachama. Kanuni hizo, zikiwemo za leseni, leo zinafanana kwa kiasi kikubwa.

Na ndege pia zinafanana. Boeing 787-8 iliyofika Nairobi mwaka 2014 ni aina ile ile iliyopokelewa Dar es Salaam Julai 2018. Q400 imerushwa na Air Tanzania, na Jambojet ya Kenya, na RwandAir. Simuleta wanazofanyia mazoezi zinatengenezwa kwa viwango vile vile, na vitabu vya ndege vinatoka kiwanda kimoja. Hata hivyo anayetoka ndege ya 5Y kwenda ya 5H hupita kwenye uthibitisho na mafaili kama mtu aliyetoka bara jingine.

Mfano wa kuigwa upo. Marekani na Canada zilikubaliana mwaka 2006 utaratibu unaomwezesha rubani wa upande mmoja kupata leseni ya upande wa pili bila kurudia mitihani yote. Na kuna jambo kubwa zaidi linalozungumzwa kidogo mno. Tangu Novemba 2017 viwango vya ICAO vinaziruhusu nchi zenye kanuni za pamoja za leseni, mkataba rasmi kati yao, na utaratibu wa kusimamiana, kukubaliana kwamba leseni ya mmoja ni halali moja kwa moja kwenye ndege za wenzake. Rubani hubeba kiambatisho kinachoonyesha nchi zilizomo katika mkataba, na mkataba wenyewe husajiliwa ICAO. Hakuna mafaili wala kusubiri barua. Ukilisoma sharti hilo ukiwa unaijua CASSOA, ni kama limeandikwa kwa ajili ya Afrika Mashariki.

Kwa nini basi serikali zisikimbilie mlango huo? Wasiwasi tunaujua, na haukosi msingi. Idhini ikivuka mpaka kirahisi, rubani naye atavuka kirahisi, na nchi iliyogharamia mafunzo ya 787 kwa fedha za walipa kodi itabaki ikiangalia mkia wa ndege ya jirani. Mishahara hailingani. Shirika lenye deni haliwezi kushindana na lenye ruzuku. Wapo pia wanaoona kila kiti cha mbele kuwa ni ajira ya mzawa ambayo haifai kwenda kwa jirani.

Tunawaelewa, ila hoja haisimami vizuri. Karatasi ngumu hazimzuii rubani kuondoka; zinamchagulia tu kwa kwenda. Anayeona kuhamia nchi jirani kuna usumbufu sawa na kuhamia Doha ataichagua Doha, na Afrika Mashariki yote itakuwa imempoteza. Anayetaka kumbakisha rubani aliyemsomesha ana mkataba wa utumishi wa kumfunga kwa miaka kadhaa, jambo ambalo mashirika duniani kote hulifanya. Ofisi ya leseni haikuundwa kuwa lindo la wafanyakazi.

Ugumu wa kweli tunauona kwingine, na unaturudisha kwenye tangazo la Juni 2025. Leseni moja kwa wote maana yake ni kwamba udhaifu wa mmoja unakuwa wa wote. Kenya ilitumia miaka kupata daraja la kwanza la usalama la FAA, ililolipata Februari 2017, na likaifungulia njia ya safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York iliyoanza Oktoba 2018. Nairobi ikisita kuifunga leseni yake na ya jirani ambaye wakaguzi wa Ulaya wanasema hana watu wa kutosha, hatuwezi kuilaumu. Jumuiya sasa ina nchi wanachama 8, zikiwemo Somalia na Sudan Kusini, na mamlaka zao haziko katika hatua moja. Kwa hiyo pa kuanzia ni kuajiri na kuwalipa vizuri wakaguzi wa Dar es Salaam, Juba na Bujumbura. Mkaguzi wa ndege anayelipwa pungufu ya rubani anayemkagua hakai ofisini, na mamlaka isiyo na wakaguzi haina wa kuiandika ile barua. Kuanza na nchi mbili au tatu zilizo tayari, kwa aina mbili tatu za ndege zinazofanana, kungekuwa bora kuliko kuwasubiri wote wanane.

Wakati serikali zikifikiria, rubani ana yake ya kufanya. Aliyepata leseni ya Ghuba asiiache ya nyumbani ife, hata kama ada na vipimo vya afya vinamchosha. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozisimamisha ndege na mashirika makubwa ya Ghuba kupunguza watu kwa maelfu, leseni ya Ghuba bila mwajiri wa Ghuba haikumfaa mtu kitu. Kiwango cha lugha ya Kiingereza nacho kina tarehe: daraja la 4 hupimwa tena ndani ya miaka 3, la 5 ndani ya 6, na la 6 ndilo lisilorudiwa. Barua ya uhakiki iombwe ukiwa bado nyumbani, ambako unaweza kwenda ofisini mwenyewe na kuuliza imefika meza gani. Na usiondoke kwenye chuo cha mafunzo bila nakala zilizopigwa muhuri za kozi ya ndege, fomu ya mtihani wa simuleta yenye jina na namba ya mkaguzi, na kurasa za daftari la saa zilizotiwa sahihi. Vyuo hivi hufungwa na kuuzwa, na chuo kikishafungwa kumbukumbu hizo kuzipata ni kazi.